NITUPE WAPI?
Somo juu ya taka zitupwazo kwa siri katika miji na vijiji vya Unguja

Wasomaji wetu, leo twataka kusema habari ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja barazani, ingawa pua zetu hulitaja kila siku. Jambo hilo ni taka, na hasa taka zile zitupwazo usiku au alfajiri, mahali pasipo ruhusa: kando ya barabara, katika mitaro, ufukweni, katika mashimo ya mchanga yaliyoachwa, na katika mapango. Tunawaandikia Masheha, walimu, na kila mtu ajuaye kusoma, ili naye awasomee wasiojua.

Twaanza na kisa tulichokishuhudia wenyewe. Kijiji tulichokuwa ni cha upande wa kusini. Jina lake hatulitaji, kwani aibu yake ni aibu ya vijiji vingi. Asubuhi moja vijana wa ulinzi walimleta bibi mmoja mtu mzima mbele ya Sheha. Walimkuta kabla ya jua kuchomoza, pakacha la taka kichwani, akielekea kwenye kisima kilichokauka nyuma ya kijiji, mahali ambapo watu wengi wamezoea kutupa kwa siri. Sheha alimwambia, "Bi Mkubwa, unajua kwamba jambo hili limekatazwa?" Bibi akajibu, "Najua, mwanangu, na kosa nalikubali. Lakini nionyesheni hapo mlipoweka jaa, nami tangu leo nitapeleka huko. Nitupe wapi?"

Watu wote barazani walinyamaza. Katazo lilikuwapo, walinzi walikuwapo, na faini ilikuwa tayari, jaa halikuwapo. Nasi tulikumbuka kwamba wiki ile ile gari kubwa lilikuja usiku, likamwaga shehena ya chupa na makopo katika shimo la mawe si mbali na pale, wala hapana aliyeliuliza limetoka wapi. Swali la yule bibi ndilo somo letu la leo.

1. Katika kisiwa hapana "mbali"

Mtu atupaye taka husema moyoni mwake, "Nimeziondoa." Lakini kutupa si kuondoa. Yatupasa tuitazame nchi yetu ilivyo. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni nchi ya mawe ya matumbawe, yaani mawe yaliyokuwa bahari zamani. Mawe hayo yana matundu na nyufa, na chini yake yamo mapango. Mvua inyeshapo, maji hayakai juu yakafanya mito mikubwa, bali huzama upesi, yakapita katika nyufa mpaka kuyafikia maji yaliyo chini ya ardhi. Na maji hayo ya chini ndiyo tunywayo, kwani visima na chemchemi ndizo tegemeo la maji ya kisiwa chote.

Katika nchi yenye udongo mzito, maji machafu huchujwa kidogo kidogo kabla ya kufika chini. Katika nchi ya mawe mchujo huo ni haba. Basi mtu atupaye taka pangoni au katika kisima kikuukuu amezitia mlangoni mwa kisima cha jirani yake, na huenda ikawa cha nyumba yake mwenyewe. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Na yule atupaye ufukweni naye hajaziondoa. Maji kupwa huzichukua, maji kujaa huzirudisha. Zilizobaki baharini husonga matumbawe na mizizi ya mikoko, mahali samaki wadogo wanapolelewa. Kasa huuona mfuko wa plastiki majini akadhani ni yavuyavu, akaumeza, akafa. Nao akina mama walimao mwani huko Paje na Jambiani hukuta takataka zimenasa katika kamba zao.

2. Mambo yaliyotupata zamani

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni geni. Mwaka 1866 msafiri David Livingstone alifika Unguja akaona pwani ya mji imefanywa jaa, maana uchafu wa mji ulitupwa hapo ukaoza juani. Kwa uvundo ule aliandika mzaha mchungu, akaligeuza jina la Zanzibar liwe jina la harufu mbaya. Miaka michache baadaye, mwaka 1869 na 1870, kipindupindu kiliingia kisiwani, kikaua maelfu ya watu mjini na mashamba. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini wakati huo, aliandika kitabu juu ya maradhi hayo, kikachapwa mwaka 1876. Humo alieleza habari za visima vya mji vilivyokuwa karibu na uchafu.

Wakati huo wengi katika ulimwengu walidhani kwamba maradhi hayo huletwa na hewa mbaya. Mwaka 1854 huko London daktari John Snow alikwisha kuonyesha kwamba kipindupindu huenea kwa maji, alipofuatilia wagonjwa wa mtaa mmoja akakuta kwamba wengi wao walikunywa maji ya bomba moja. Na mwaka 1884 Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba amekipambanua kijidudu chenyewe. Hapa kwetu Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliuletea mji maji ya mfereji kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, ili watu wasitegemee visima vya mjini tu. Hilo ni jambo la kukumbukwa kwa heshima.

Tena, kila mtu wa mjini alijua jina la Darajani, lakini si kila kijana ajuaye kwa nini mahali pale paitwe hivyo. Zamani palikuwa na hori, yaani mkono wa bahari, ulioingia kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Hori lile lilitupwa taka na fusi miaka mingi, likafukiwa kidogo kidogo hata likaisha katika karne ya ishirini. Leo juu yake hupita barabara kuu. Basi waliotangulia walikuwa na hori la kujaza. Sisi tutajaza nini?

Maana watu wameongezeka sana. Katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu zaidi ya 590,000. Katika sensa ya 2022 walizidi 890,000. Na taka zenyewe zimebadilika. Bibi zetu walitupa maganda ya muhogo, majani ya mgomba, makumbi na vifuu; vitu hivyo huoza vikawa udongo. Sisi twatupa plastiki, chupa, makopo, mawe ya tochi na nepi za watoto, vitu ambavyo wajukuu wetu watavikuta vingalipo.

3. Jinsi taka ziletavyo maradhi

Walimu wawaeleze wanafunzi njia hizi nne, mojamoja, kwani mtu akijua sababu hutii bila ya kusukumwa.

Njia ya kwanza ni mitaro. Taka zitupwazo mtaroni haziumizi mtu wakati wa kiangazi. Lakini masika yakija, maji hayana pa kupita. Hufurika barabarani na majumbani, yakaingia katika makaro ya vyoo, uchafu wa choo ukatoka ukachanganyika na maji ya visima na ya mabomba yaliyopasuka. Hapo ndipo kipindupindu kipatapo mlango. Mwaka 2015 na 2016 maradhi hayo yaliwapata watu zaidi ya elfu nne katika visiwa vyetu, na makumi yao walifariki.

Njia ya pili ni nzi. Nzi hutaga katika taka zinazooza, na katika joto la nchi yetu mayai huwa nzi kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi. Kisha nzi huyo hutoka jaani akatua juu ya chakula. Ndiyo sababu taka za jikoni zisikae zaidi ya wiki moja bila ya kufukiwa au kuondolewa.

Njia ya tatu ni mbu. Watu wengi hudhani mbu ni mmoja; sivyo. Mbu aletaye homa ya kidingapopo hupenda maji kidogo yaliyotulia: ndani ya kopo, kifuu cha nazi, dafu lililokwisha kunywewa, au gurudumu la gari lililotupwa. Naye huuma mchana. Mbu mwingine huzaliana katika maji machafu ya makaro na mitaro iliyoziba, naye ndiye aletaye matende na mabusha. Basi mtu aliyefunga chandarua usiku lakini ameacha makopo uani, amefunga mlango mmoja akaacha mwingine wazi.

Njia ya nne ni moshi. Wako watu wasemao, "Mimi situpi, nachoma." Majani makavu na karatasi si neno. Lakini plastiki na mipira ikichomwa hutoa moshi wenye sumu, nao huingia katika mapafu ya watoto wa mtaa mzima. Majivu yake pia hayafai shambani.

4. Kwa nini watu hutupa usiku?

Ni rahisi kusema kwamba watu hutupa ovyo kwa kuwa hawana adabu. Wako wa namna hiyo, hatukatai. Lakini tulipouliza katika mitaa na vijiji, tulisikia sababu nyingine pia. Mmoja alisema chombo cha taka ki mbali, naye hana gari. Mwingine alisema gari la taka halifiki katika vichochoro vya mtaa wake. Wa tatu alisema hulipa ada ya taka, lakini taka zikakaa wiki mbili mlangoni, mbwa na paka wakazipasua. Mwisho akazitoa mwenyewe usiku. Na wa nne, huyu ni mwenye gari, alikiri kwamba safari ya kwenda Kibele, ambako ndiko dampo la serikali liliko, humgharimu mafuta na saa nyingi. Shimo la mchanga njiani halimgharimu kitu.

Tazameni basi: hao watatu wa kwanza wamekosa mahali, huyu wa nne amekosa amana, maana yeye amelipwa ili azifikishe. Makosa haya mawili si sawa, wala dawa yake si moja. Wa kwanza apewe mahali kwanza, kisha akikosa aadhibiwe. Wa nne aadhibiwe tangu leo. Lakini mara nyingi mambo hupinduliwa: mwenye pakacha hukamatwa, mwenye gari hupita. Sheha afanyaye hivyo ataogopwa, lakini hatatiiwa.

5. Sheria zasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, namba 3 ya mwaka 2015, ndiyo iliyoweka Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ifahamikayo kwa jina la ZEMA. Na sheria ya Serikali za Mitaa, namba 7 ya mwaka 2014, huhusu manispaa na mabaraza ya miji na wilaya, ambayo kazi mojawapo yake ni usafi. Kwa hiyo Sheha aonapo gari likimwaga taka porini, asidhani ni jambo la kijiji chake peke yake: ako na wa kuwapelekea habari.

Jambo moja tunaloweza kujivunia ni hili. Mwaka 2006 Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki, kabla ya Rwanda mwaka 2008, kabla ya Kenya mwaka 2017, na kabla ya Tanzania Bara mwaka 2019. Ingawa mingine imekuwa ikiingizwa kwa magendo, katazo lile lilifanya kazi kubwa. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyenyimwa mfuko wa plastiki aliweza kutwaa mwingine: wa karatasi, wa nguo, au kikapu cha ukili alichobeba bibi yake. Katazo lenye badala hushikika. Katazo lisilo na badala huwafundisha watu kutembea usiku.

6. Kazi ya kila nyumba

Dawa ya kwanza imo nyumbani, wala haihitaji fedha nyingi. Taka zigawanywe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu viozavyo: maganda, majani, mabaki ya chakula, majivu ya kuni. Hivi ndivyo vingi kuliko vyote, navyo si taka bali ni mbolea. Weka tabaka ya majani makavu, kisha tabaka ya maganda mabichi, kisha udongo na majivu kidogo. Nyunyiza maji iwe na unyevu lakini isitote. Igeuze kila baada ya wiki mbili. Kwa muda wa miezi mitatu hivi utapata mbolea nyeusi isiyo na harufu, ifaayo migomba na mboga.

Fungu la pili ni vitu visivyooza lakini vyatumika: chupa, makopo, vyuma, plastiki ngumu. Hivi viwekwe vikavu katika gunia, kwani wako wanunuzi na wakusanyaji wavitafutao.

Fungu la tatu ni vitu vya hatari: mawe ya tochi, sindano, dawa zilizokwisha muda, vioo vilivyovunjika. Hivi visitiwe shimoni wala motoni, na watoto wasiviguse. Sindano zirudishwe kituo cha afya.

Penye udongo, nyumba yaweza kuchimba shimo la taka lenye upana wa mita moja na kina cha mita moja na nusu. Shimo liwe mbali na kisima, lisipungue mita 30, yaani hatua kama arobaini za mtu mzima, tena liwe upande wa chini ya kisima, si wa juu. Maji yakionekana chini ya shimo wakati wa masika, shimo hilo halifai. Penye mawe usichimbe wala usitumie pango; jenga kitalu kidogo cha mawe juu ya ardhi, ukiweke fungu la mbolea humo, na yaliyobaki yangoje gari.

7. Kazi ya Sheha na ya mwalimu

Kwa Masheha twashauri mpango huu, kwa taratibu hii na si vinginevyo.

Kwanza, Sheha na wazee watembee shehia yote, wazione sehemu zote zitupwazo taka kwa siri, waziandike.

Pili, wachague mahali pamoja au pawili pa kukusanyia, mbali na visima, mahali ambapo mwanamke mwenye mzigo aweza kufika kwa miguu na gari laweza kuingia. Wanawake waulizwe, kwani wao ndio wabebao.

Tatu, wapatane na manispaa au baraza la wilaya siku ya gari kuja, na siku hiyo itangazwe msikitini, kanisani na shuleni. Gari lisipokuja, Sheha aandike barua; asinyamaze.

Nne, jaa la siri lisafishwe siku moja kwa mikono ya wote, kisha pafanywe kitu: pandwe miti, au pawekwe baraza la wazee. Mahali pasafi pasipo na mwenyewe hurudi kuwa jaa.

Tano, ndipo faini itangazwe, nayo iwe moja kwa mwenye pakacha na mwenye gari, ila wa gari hesabu yake izidi kwa uzito wa mzigo wake.

Mwalimu naye ana nguvu ambayo Sheha hana, maana mtoto hurudi nyumbani na somo lake. Shule yenye fungu la mbolea na bustani yake hufundisha zaidi ya mahubiri kumi. Waislamu hufundishwa kwamba tohara ni katika imani, na kwamba kuondoa kitu cha kudhuru njiani ni jambo la thawabu. Wakristo husoma katika Kumbukumbu la Torati kwamba kambi iwe safi na uchafu ufukiwe. Hapana dini iliyomwambia mtu autoe uchafu wake nyumbani usiku autie kisimani mwa jirani.

8. Mwisho wa kisa

Wasomaji watauliza habari za yule bibi. Sheha alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Bi Mkubwa, umeniuliza swali ambalo mimi ndiye niliyepaswa kulijibu kabla hujatoka nyumbani. Nenda. Kesi hii iahirishwe mpaka jaa lipatikane." Haikupita miezi miwili mahali palichaguliwa karibu na njia ya gari, pakazungushiwa kitalu cha mawe. Bibi alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupeleka pakacha lake, tena mchana kweupe.

Hatusemi kwamba kijiji kile kimekuwa pepo. Tulipopita tena tuliona mafurushi mawili matatu kando ya kisima kile cha kale. Lakini safari hii watu waliuliza ni ya nani, maana sasa hakuna awezaye kusema kwamba hakuwa na pa kutupa. Gogo haliendi ila kwa nyenzo. Tuwape watu nyenzo kwanza, ndipo tuwaambie wasukume.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini taka zilizotupwa pangoni zaweza kuonekana kisimani?
2. Eleza jinsi mtaro ulioziba uletavyo kipindupindu.
3. Jina la Darajani lilitoka wapi?
4. Taja mafungu matatu ya taka, na mfano wa kila moja utokao nyumbani kwenu.
5. Pima kwa hatua: jaa la nyumba yenu li mbali gani na kisima kilicho karibu?
6. Kama wewe ungalikuwa Sheha, ungalimjibuje yule bibi?